Kengeleni: Ukoo Uliojengwa Kanisani

Matatu zinazovuka daraja la Nyali kutoka kisiwani Mombasa zina kituo ambacho makanga hulitaja jina lake kutwa nzima: Kengeleni. Wengi wanaoshukia hapo wana haraka ya soko la Kongowea au ya kufika nyumbani Kisauni, na hawainui macho. Wakiyainua wataiona kengele yenyewe, imetundikwa kwenye mnara mdogo. Wazee wa mtaa husimulia kwamba ilipigwa kuwaonya watu pindi wakamata-watumwa walipoonekana wakikaribia. Siku nyingine iliwaita wakazi shambani, darasani na kanisani. Hapo ndipo Freretown, mji uliojengwa mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliotolewa utumwani, na hapo ndipo lilipo Kanisa la Emmanuel, ambalo vitukuu vya watu hao wangali wakisali ndani yake.

Sherehe ya kila mwaka ya kanisa inajulikana na kila mtu Afrika Mashariki. Miezi kabla ya siku yenyewe kamati huundwa, kadi za michango huzungushwa, kitenge huchaguliwa na fundi hupelekewa vipimo vya familia nzima, kuanzia nyanya hadi mjukuu anayetambaa. Walio Nairobi hupanda basi la usiku au treni. Walio Ulaya hutuma fedha na salamu. Asubuhi ya sikukuu kina mama wa Umoja wa Akina Mama huonekana wakipiga mstari katika sare zao, kwaya ya vijana ikishindana na kwaya ya wazee, na askofu akisubiriwa kwa maandamano. Ibada huwa ndefu. Baada yake husomwa risala, mgeni rasmi huongea, harambee huanza, keki hukatwa, na sufuria za pilau hufunuliwa. Familia hupiga picha mbele ya mlango wa kanisa, na ni desturi kumkalisha mkongwe katikati.

Kwingineko picha hiyo huwa ni kumbukumbu ya kanisa. Watu wana ukoo wao, wana kaya na makaburi ya mababu kijijini, na kanisa limekuja juu ya hayo. Freretown mambo yalikwenda kinyume. Watu waliobatizwa hapo mwanzoni walikuwa wamekwisha kunyang'anywa baba, mama, kijiji na mara nyingi hata jina. Walipofika ufukweni Kisauni hawakuwa na mjomba wa kuwaozesha wala shangazi wa kuwafunda. Ukoo wao ulianza kanisani, na ndiyo maana sikukuu ya kanisa lao ni sikukuu ya ukoo kwa maana iliyo kamili.

Habari yenyewe huanza miaka 31 kabla ya Freretown, tena kwa msiba wa familia. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha kimishonari cha Kiingereza, CMS, alikuja kukaa Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe Rosine, baada ya kupata barua ya idhini ya Sultani Sayyid Said huko Unguja. Miezi michache tu ikapita. Julai mwaka huo huo homa ilimuua Rosine, na mtoto wao mchanga wa kike akamfuata siku chache baadaye. Walizikwa bara, upande wa Mkomani, ng'ambo ya kisiwa. Kaburi hilo lipo hadi leo, na Wakristo wa Kenya wanaokwenda kuhiji pwani hulizuru. Hivyo kitu cha kwanza ambacho kanisa hilo lilikuwa nacho kwenye ardhi ya Kisauni kilikuwa kaburi la mama na mwanawe, kabla ya altare yoyote.

Mwaka 1846 alifika Johannes Rebmann, na wawili hao wakapanda mlima kwenda Rabai, kwa Wamijikenda. Wazee wa Rabai wakawapa mahali pa kujenga. Krapf akaitumia miaka yake kuandika: sarufi yake ya Kiswahili ilichapwa mwaka 1850, na kamusi yake kubwa mwaka 1882, baada ya kifo chake. Rebmann ndiye aliyeona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848 akabishiwa na wataalamu wa London waliokuwa hawajaiona. Lakini kwa upande wa waumini, Rabai ilikuwa ndogo mno. Mkristo wa kwanza alikuwa Mringe, mtu kiwete na maskini, aliyebatizwa akiwa mgonjwa naye akafariki muda mfupi baadaye. Miaka ikaenda. Rebmann akazeeka pale pale, macho yakamfifia, na kundi lake likabaki watu wa kuhesabika kwa vidole.

Kilichobadilisha hali hiyo kilitoka baharini.

Tangu katikati ya karne ya 19 manowari za Kiingereza zilikuwa zikiyawinda majahazi ya watumwa katika Bahari ya Hindi. Watu waliokamatwa humo walipelekwa mbali: Aden, Ushelisheli, Morisi, Bombay. Karibu na Bombay, mahali paitwapo Sharanpur huko Nasik, mmishonari William Salter Price alikuwa na kituo cha kulea watoto wa Kiafrika walionusurika hivyo. Wakafundishwa Kiingereza, useremala, uhunzi na dini. Walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengine, wakikua chini ya jua la India na majina ya Kiingereza. Kuanzia mwaka 1864 baadhi yao walirudishwa Afrika kumsaidia Rebmann. Majina matatu hayapaswi kusahaulika: George David, Ishmael Semler na William Jones. Watu wa Mombasa waliwaita Wabombay. Walirudi bara lao wakiwa wageni, na walipaswa kuanza kujifunza upya lugha za pwani.

Mwaka 1873 serikali ya Uingereza ilimtuma Sir Bartle Frere, aliyewahi kuwa gavana wa Bombay, kwenda kumshinikiza Sultani Barghash wa Unguja aifunge biashara ya watumwa ya baharini. Barghash alikataa mwanzoni. Alitia sahihi tarehe 5 Juni 1873, baada ya kutishiwa kuzingirwa na manowari, na soko la watumwa la Mkunazini likafungwa. Swali lililofuata lilikuwa zito kuliko mkataba wenyewe: watu watakaokamatwa kwenye majahazi wapelekwe wapi? Frere alikuwa amefika Rabai na kuwaona Wabombay wakifanya kazi. Akapendekeza paanzishwe makazi karibu na Mombasa, na Wabombay wawe walimu na mafundi wake. Price akatolewa India. Alifika mwishoni mwa mwaka 1874, akanunua shamba bara, likitazamana na kisiwa, na mwaka 1875 manowari zikaanza kushusha watu.

Hebu msomaji awafikirie watu hao wakishuka. Wengi walikuwa watoto. Walikuwa wametembezwa majuma na miezi kutoka ng'ambo ya Ziwa Nyasa hadi Kilwa au bandari nyingine ya kusini, wamesongwa chini ya sitaha ya jahazi, wamesikia mizinga, wamehamishiwa kwenye meli kubwa ya watu weupe ambao kwa habari walizoambiwa walikuwa wala-watu. Sasa wanapokelewa ufukweni na watu wa rangi yao waliovaa suruali na kuongea Kiingereza. Pwani waliitwa mateka. Kila mmoja alipewa nguo, chakula na mahali pa kulala. Watoto wadogo waligawiwa kwa familia za Wabombay na kwa wanawake waliotangulia kufika. Kwa namna hiyo mtoto wa Kiyao alipata mama wa Kimakua, na ndugu wa kunyonya wa Kinyasa. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha, kwa sababu hapakuwa na lugha nyingine ya nyumba nzima.

Ndoa zilifuata. Misheni iliwaozesha vijana na wasichana, ikawapa kibanda na kipande cha shamba. Ilikuwa kazi ambayo kwao ingefanywa na wazee wa pande mbili kwa mahari na mashauri ya muda mrefu. Hapa ilifanywa na mchungaji na daftari. Daftari la ubatizo na la ndoa likawa ndicho kitabu cha nasaba. Mtu wa Rabai alipoulizwa ni nani, aliweza kutaja mbari yake na kaya yake mpaka babu wa saba. Mtu wa Freretown alitaja mwaka aliobatizwa, nani aliyemsimamia, na meli iliyomleta.

Mtu asije akadhani kwamba maisha hayo yalikuwa bustani ya Edeni. Wakazi walifanya kazi kwa amri, waliishi kwa ratiba ya kengele, na kosa liliadhibiwa. Chini ya msimamizi mlei J. R. Streeter, mwishoni mwa miaka ya 1870 na mwanzoni mwa 1880, viboko vilipigwa kwa ukali uliozua kashfa hadi London, na chama kikalazimika kuchunguza na kumwondoa. Watu waliokombolewa kutoka kwenye mjeledi waliukuta tena ndani ya ua wa misheni. Risala za sikukuu hulipita jambo hili kimya. Lisipitwe. Waliochapwa ni mababu wa wale wanaokata keki, na uvumilivu wao ni sehemu ya historia ya kanisa kama zilivyo mbao za dari.

Hatari nyingine ilitoka nje ya ua. Pwani yote bado ilikuwa na watumwa wa mashambani, Malindi, Takaungu, Mombasa kwenyewe, na habari za mji wa watu huru zilienea usiku kwa usiku. Watoro wakaanza kumiminika, wengi wao Rabai. Mabwana wao wakaja juu, wakatisha kuvamia vituo. Wakristo wa Kigiriama walikuwa na kijiji chao cha watoro huko Fuladoyo, chini ya David Koi. Kikavamiwa, na Koi akauawa. Wakubwa wa CMS walikuwa na hofu, maana sheria ya wakati huo ilimtambua mtumwa wa bara kuwa mali ya bwana wake, na kumficha mtoro kulihesabiwa wizi. Kwa maandishi waliahidi kutowapokea watoro. Aliyekuwa Rabai siku zote hizo, akiona nyuso za waliobisha hodi alfajiri, alikuwa William Jones, mtumwa wa zamani. Mamia ya watoro wakawa wanaishi mashambani mwa misheni, wakilima na kuja kanisani.

Jambo hilo lililipuka mwaka 1888, wakati Kampuni ya Kiingereza ya IBEA ilipoanza kutawala pwani. Mkuu wake, George Mackenzie, akafanya mapatano na mabwana wa watumwa: walipwe fidia, nao waziachie haki zao. Tarehe 1 Januari 1889 watoro wapatao 1,400 walipewa hati za uhuru huko Rabai. Fedha zilikwenda kwa mabwana. Waliofanya kazi bure miaka yao yote hawakulipwa kitu, isipokuwa karatasi. Hata hivyo karatasi hiyo ilithaminiwa mno, ikatunzwa na kurithishwa, kwa kuwa aliyeishika aliweza kutembea hadi Mombasa mchana kweupe na kurudi.

William Jones anastahili kuzungumziwa kidogo, kwa sababu maisha yake yanaonyesha ni nani hukumbukwa na ni nani husahauliwa. Tarehe 31 Mei 1885, Jumapili ya Utatu, Askofu James Hannington aliwawekea mikono Jones na Semler kuwa mashemasi. Walikuwa Waafrika wa kwanza kupewa daraja hilo katika eneo ambalo leo ni Kenya. Julai mwaka huo Hannington akaondoka Rabai kwenda Buganda kwa njia mpya ya Umasaini, pamoja na wapagazi wapatao 200, na Jones akiwa msaidizi wake wa karibu. Walipofika Kwa Sundu, ambako leo ni Mumias, askofu akachagua wapagazi 50 atangulie nao, akamwacha Jones na wengine wamsubiri. Tarehe 29 Oktoba 1885 Hannington aliuawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga, na wapagazi wake wakachinjwa pamoja naye. Wanne tu walirudi kutoa habari. Jones alisubiri mpaka Desemba akiwa hajakata tamaa. Kisha akawarudisha watu wake pwani, safari ya mamia ya maili bila kiongozi wa Kizungu na karibu bila bidhaa za kununulia chakula. Februari 1886 wake na watoto wa wapagazi waliokusanyika Rabai waliona msafara ukishuka ukitanguliwa na bendera ya buluu ya msiba, na juu yake kumeshonwa kwa herufi nyeupe neno la Kiebrania, Ikabodi, utukufu umeondoka.

Makanisa mengi ya Anglikana humkumbuka Hannington tarehe 29 Oktoba kila mwaka, na ni haki yake. Wapagazi zaidi ya 40 waliokufa naye hawatajwi kwa majina. Walikuwa na wake, na wake hao walikuwa Rabai, Freretown na Mombasa. Sikukuu ya kanisa ya pwani ingekuwa na uzito wa namna nyingine kama majina yanayoweza kupatikana yangesomwa mbele ya wajukuu zao, moja moja, na watu wakiwa wamesimama.

Wengine wa kizazi hicho walikuwa na bahati ndefu zaidi. Matthew Wellington, kijana mwingine wa Nasik, alikuwa miongoni mwa waliobeba mwili wa David Livingstone kutoka Chitambo hadi Bagamoyo, walikofika mwaka 1874. Aliishi Mombasa hadi mwaka 1935, akipita barabarani mbele ya watoto wa shule ambao kwao Livingstone alikuwa jina la kitabuni. Semler aliendelea na utumishi kwa miaka mingi. Shule ya uchungaji ya Freretown ilihamishiwa Limuru mwaka 1930, ndiyo leo Chuo Kikuu cha St. Paul's. Wachungaji wengi wanaosimama mimbarini Nairobi au Nakuru wamesoma katika chuo ambacho mbegu yake ilipandwa na watoto wa mateka.

Freretown haikuwa peke yake. Kusini zaidi, Bagamoyo, mapadre wa Roho Mtakatifu chini ya Padre Antoine Horner walianza kituo mwaka 1868 wakitokea Unguja, wakanunua watoto kutoka sokoni na kuwalea, wakawaozesha wakubwa na kuwajengea kijiji chao. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliwabomolea majengo, wakaanza tena. Henry Morton Stanley alipopita hapo mwaka 1871 akijiandaa kumtafuta Livingstone, alistaajabu kupigiwa muziki na vijana wenye vyombo vya shaba. Freretown nayo ikawa na bendi yake ya shaba. Watafiti wa ngoma ya beni, iliyoenea kutoka Lamu hadi Bonde la Rufiji na Kongo, wameitaja bendi hiyo ya misheni miongoni mwa vyanzo vyake. Kwa hiyo matarumbeta yanayoongoza maandamano ya jubilei leo, yakimfanya bibi wa miaka 80 ainue leso na kujitikisa, yana nasaba inayorudi moja kwa moja kwa vijana hao.

Unguja ilikuwa na namna yake ya kukumbuka. Waanglikana wa misheni ya UMCA walipata kiwanja palepale lilipofungwa soko la Mkunazini, na jiwe la msingi la kanisa liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka 1873, miezi sita tu baada ya mkataba. Askofu Edward Steere, yule yule aliyeisarifu lugha ya Unguja kitabuni, alilisimamia jengo tofali kwa tofali. Alifariki Agosti 1882 na amezikwa nyuma ya altare. Mapokeo yanasema altare hiyo ipo mahali uliposimama mti wa kuchapia watumwa. Mbweni, nje kidogo ya mji, kukawa na makazi ya waliokombolewa. Katika watoto waliolelewa na misheni hiyo akatoka Cecil Majaliwa, Myao aliyekuwa ameuzwa utotoni, naye mwaka 1890 akawa padre wa kwanza Mwafrika wa UMCA.

Yeyote anayetaka kusikia habari hizi kwa Kiswahili cha mtu wa ndani anacho kitabu cha James Mbotela, Uhuru wa Watumwa, kilichochapwa mwaka 1934. Mbotela alizaliwa Freretown. Baba yake alitekwa upande wa Nyasa, akapakiwa jahazini, akaokolewa na manowari na kushushwa Kisauni, na mwana akaandika alichosimuliwa. Wanahistoria wamekilaumu kitabu hicho kwa kuwasifu Waingereza kupita kiasi na kuwabebesha Waarabu lawama yote, kana kwamba hapakuwa na wanunuzi wa pembe na sukari huko Ulaya. Lawama hiyo ina msingi. Lakini ni kitabu cha nadra: mtoto wa mateka anaandika kwa lugha aliyopewa na mtaa wake namna baba yake alivyokuwa mtu tena. Vizazi vya wanafunzi wa Kenya na Tanganyika vilikisoma darasani.

Ukoo huo wa Mbotela unatosha kuonyesha familia ya kanisa moja dogo ilifika wapi. Tom Mbotela alikuwa makamu wa rais wa chama cha siasa cha KAU, akauawa Nairobi Novemba 1952 katika siku za mwanzo za Hali ya Hatari. Mtaa wa Mbotela upande wa mashariki wa jiji umebeba jina lake. Leonard Mambo Mbotela, aliyezaliwa Freretown mwaka 1940, alikuwa sauti ya redio ya taifa kwa zaidi ya nusu karne. Kipindi chake cha Je, Huu ni Ungwana?, kilichoanza mwaka 1966, kilizifunza adabu nyumba nyingi za Kenya, na tarehe 1 Agosti 1982 ndiye aliyeamshwa na wanajeshi waasi na kulazimishwa kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Alifariki Februari 2025. Kutoka kwenye sitaha ya jahazi la watumwa hadi kwenye kipaza sauti cha taifa, njia ilipita katika darasa na kanisa la Freretown.

Utumwa ulipokomeshwa kisheria kwenye ukanda wa pwani ya Kenya mwaka 1907, kazi ya kwanza ya makazi hayo ilikuwa imekwisha. Watoto waliosoma wakawa makarani, walimu, watu wa simu na wa reli, wakaifuata reli hadi Nairobi na Kisumu. Waliobaki walikabiliwa na jambo lisilokwisha hadi leo, yaani ardhi. Mashamba yalikuwa ya misheni na baadaye ya kanisa, na majirani wa Kimijikenda hawakuona sababu ya kuwahesabu wenyeji watu walioletwa na meli. Rabai, wajukuu wa waliokombolewa waliendelea kuitwa Wamisheni, hata pale walipokuwa wameoana na Warabai kwa vizazi vitatu. Sikukuu ya kanisa kwao ina kazi ya ziada: ni siku ya kuonekana, ya kutembea barabarani kwa ngoma na kusema kwa miguu kwamba tupo hapa tangu mababu.

Maadhimisho makubwa yamekuja na kupita. Mwaka 1994 Waanglikana wa Kenya walitimiza miaka 150 tangu Krapf afike, na kanisa likatoa kitabu cha historia yake kilichoitwa kwa jina la njia ile ya Jones na Hannington, kutoka Rabai hadi Mumias. Tarehe 4 Novemba 2018 Wakatoliki wa Tanzania walihitimisha Bagamoyo jubilei ya miaka 150 ya uinjilishaji, na Papa Fransisko akawakilishwa na Kardinali John Njue wa Nairobi. Mwaka 2025 Freretown yenyewe ilitimiza miaka 150. Katika sherehe za namna hii hotuba huanza na wamishonari na kuishia kwa maaskofu, na katikati watu waliokombolewa hutajwa kwa jumla, kama mzigo ulioteremshwa bandarini.

Hilo linaweza kurekebishwa bila kusubiri jubilei nyingine. Majina yamo kwenye madaftari ya ubatizo na ya ndoa, na mengine yamo vichwani mwa wazee ambao kila mwaka tunawazika wachache zaidi. Familia ya Kisauni, Rabai, Mbweni au Bagamoyo inayokwenda kwenye sikukuu ya kanisa lake mwaka huu ichukue simu, imkalishe bibi au babu kwenye kiti, na kumwuliza mambo manne: alizaliwa na nani, huyo alizaliwa na nani, nani aliyeletwa na meli, na kwao kulikuwa wapi. Yarekodiwe yote, hata yanayopingana. Kama kuna hati ya uhuru, barua, cheti cha ubatizo au picha ya harusi ndani ya sanduku, ipigwe picha, na nakala zipelekwe parokiani na Makavazi ya Taifa. Kamati za sherehe nazo zitenge nusu saa ya ratiba kwa majina hayo kabla ya mgeni rasmi kuinuka.